Kompyuta za Kikundi Ziitane kwa Majina: Kuweka Programu ya Avahi na Kuitoa



Vikundi vingi tunavyotembelea siku hizi vina kompyuta mbili, tatu, hata tano, zimepangwa katika chumba kimoja kando ya kanisa au nyuma ya posho mill. Karibu zote ni za msaada, zimeshatumika kwingine kabla ya kufika kwetu. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipoacha kuitunza Windows 10 kama kawaida, vikundi vingine vimehamia Ubuntu au Linux Mint, ambazo hazinunuliwi na hazidai mashine mpya. Somo hili ni la vikundi hivyo hasa. Wenye Windows tumewawekea aya yao huko mbele, msitupe karatasi.

Tunataka kufundisha jambo moja dogo: jinsi ya kuweka programu inayofanya kompyuta za kikundi ziitane kwa majina badala ya nambari, na jinsi ya kuitoa. Sehemu ya kutoa tumeipa nafasi kubwa kwa makusudi. Mafundi wengi wakija kwenye vikundi huweka programu, huchukua pesa yao, huenda. Hakuna anayeonyesha akina mama jinsi kitu hicho kinavyotoka. Basi siku kikileta shida, ni kumpigia fundi tena na kumlipia nauli tena. Kitu ambacho kikundi hakiwezi kukitoa bado ni cha fundi, hata kama kiko mezani kwenu.

Shida ya nambari

Kompyuta zikiunganishwa kwa rauta moja, rauta huzigawia nambari, mfano 192.168.1.14. Mwenye vitabu vya kikundi huitwa kwa nambari hiyo na wenzake wakitaka kufungua folda yake. Lakini nambari hiyo si ya kudumu. Rauta huitoa kwa muda tu, kama kiti cha kukodi. Stima ikipotea na kurudi, au kompyuta ikikaa siku nyingi bila kuwashwa, kiti cha jana anaweza kukikalia mwingine.

Kikundi kimoja cha akina mama, ambacho hatutakitaja jina, kilikuwa na folda ya vitabu katika kompyuta mbili. Moja ndiyo ya kweli. Ya pili ilikuwa nakala ya zamani, imewekwa kama akiba, na folda zote mbili zilikuwa na jina lile lile. Katibu alizoea kuandika ile 192.168.1.14 kila Jumatano. Stima ikapotea siku kadhaa. Iliporudi, rauta ikagawa nambari upya, na 14 ikaenda kwa kompyuta ya akiba. Hakuna aliyejua. Kwa majuma matatu katibu akaandika michango kwenye nakala ya zamani, huku mweka hazina, ambaye hukaa kwenye kompyuta yenyewe ya vitabu, akiandika marejesho ya mikopo kwenye kitabu cha kweli. Siku ya kugawana, mama mmoja aliyekuwa ametoa kila shilingi akaonekana ana deni la majuma matatu. Maneno yalisemwa siku hiyo ambayo si rahisi kuyarudisha. Risiti za karatasi ndizo zilizomwokoa. (Kwa hiyo msiache risiti za karatasi, hata kama mna kompyuta kumi.)

Katibu hakuwa mwizi wala mzembe. Aliita nambari, na nambari ikaitikiwa na mwingine. Kama angekuwa anaita jina, angemfikia yule yule aliyemtaka popote alipohamia.

Jina linavyotafutwa

Katika intaneti kubwa, majina yote yanatunzwa katika seva maalum. Ni kama rejesta ya ubatizo: ukitaka kujua habari za mtu, unakwenda kwenye parokia yenye kitabu. Lakini chumbani mwenu hakuna seva ya namna hiyo, na kuiweka ni kazi ya mtu aliyesomea.

Kuna njia nyingine. Fikirini mkutano chini ya mwembe. Mgeni anasimama na kuuliza, "Nani hapa anaitwa Wanza?" Wote wanasikia, wote wananyamaza, isipokuwa Wanza mwenyewe anayesema, "Ni mimi, niko hapa." Hakuna rejesta iliyofunguliwa. Kompyuta hufanya hivyo hivyo. Yenye kutafuta hutuma swali kwa anwani ya wote, 224.0.0.251, kupitia mlango wa 5353: "Nani anaitwa vitabu.local?" Zote zilizo na programu hiyo husikia, na moja tu hujibu, "Ni mimi, leo nambari yangu ni 192.168.1.14." Kesho nambari ikiwa 22, itajibu 22. Majina ya namna hii huishia kwa .local ili yasichanganywe na majina ya intaneti.

Kampuni ya Apple ilianza kutumia njia hii mwaka 2002, na tangu 2005 huiita Bonjour. Utaratibu wake uliandikwa rasmi na Stuart Cheshire na Marc Krochmal katika waraka unaoitwa RFC 6762, uliotoka Februari 2013, nao uko wazi kwa kila mtu kuufuata. Katika Linux, programu inayofanya kazi hiyo ni Avahi, iliyoanzishwa na Lennart Poettering na Trent Lloyd. Avahi ni mnyama mdogo mwenye manyoya kama sufu, aina ya lemuri, anayeishi juu ya miti huko Madagaska na kutembea usiku. Kwa nini walimchagua jirani yetu huyo wa ng'ambo ya bahari, tuwaachie wenyewe.

Mlio huo hauvuki rauta. Kompyuta ya kigango kingine haitasikia, wala mtu wa Nairobi. Ni watu wa chumba kimoja tu, au kwa usahihi zaidi, watu wa rauta moja.

Kabla ya kuweka

Kaeni kwanza kama kamati. Mkubaliane majina. Jina liwe na herufi, nambari au kistari kifupi tu. Nafasi hairuhusiwi. Herufi kubwa na ndogo ni sawa. Sisi tunashauri majina ya kazi: vitabu, chapa, darasa. Msiite kompyuta jina la mtu, kwa sababu viongozi hubadilika na kompyuta ya "mama-mwenyekiti" italeta maneno baada ya uchaguzi. Wala msiite pesa au hazina, maana jina hilo litaonekana na kila mtu atakayeingia kwenye waifai yenu, pamoja na wageni wa harusi ukumbini.

Pili, nunueni daftari la kawaida la kurasa 48, liitwe Daftari la Kompyuta. Kila kitu kinachowekwa au kutolewa kiandikwe humo: tarehe, amri iliyoandikwa, aliyeiandika, aliyeruhusu. Mtaona faida yake tukifika kwenye kutoa.

Tatu, tafuteni data ya intaneti kwa siku moja. Programu yenyewe ni ndogo sana. Kinachokula data ni kule kusasisha orodha ya programu kabla ya kuweka. Orodha inaweza kula data nyingi kuliko programu mara kadhaa. Mwenye simu yenye waifai ya kugawa akija na data yake, zifanyeni kompyuta zote siku hiyo hiyo.

Kuweka

Angalieni kwanza kama tayari ipo. Ubuntu na Mint za mezani mara nyingi huja nayo. Fungueni dirisha la amri, lile liitwalo Terminal, mwandike:

systemctl status avahi-daemon

Mkiona maneno active (running), iko na inafanya kazi. Bonyezeni q kutoka. Mkiambiwa could not be found, haipo. Hapo andikeni hizi mbili, moja baada ya nyingine:

sudo apt update

sudo apt install avahi-daemon libnss-mdns avahi-utils

Neno sudo maana yake ni kwamba mnafanya kazi kwa mamlaka ya mwenye mashine, kwa hiyo mtaulizwa neno la siri. Mkiliandika halitaonekana, hata nyota hazionekani mara nyingi. Watu wengi huogopa hapo wakadhani kibodi imeharibika. Andikeni tu, kisha Enter. Baadaye mtaulizwa kama mnataka kuendelea. Bonyezeni y na Enter.

Vitu vitatu vimeingia. Avahi-daemon ndiye yule anayekaa mkutanoni akisikiliza na kuitikia. Libnss-mdns ni mjumbe anayezifundisha programu nyingine za kompyuta, kama kivinjari na dirisha la folda, kumuuliza Avahi majina yanayoishia .local. Avahi-utils ni vyombo vya kupimia tu. Tunawataja mmoja mmoja kwa sababu wakati wa shida mtahitaji kujua ni nani amelala.

Sasa mpeni mashine jina. Kwa ile ya vitabu:

sudo hostnamectl set-hostname vitabu

Halafu kuna faili moja yenye jina la zamani ambayo husahauliwa mara nyingi:

sudo nano /etc/hosts

Tafuteni mstari unaoanza na 127.0.1.1. Mbele yake kuna jina la zamani. Lifuteni, mwandike vitabu. Hifadhini kwa kubonyeza Ctrl pamoja na O, kisha Enter, na mtoke kwa Ctrl na X. Mkiruka hatua hii, kila mara mkiandika sudo kompyuta italalamika kwamba haimjui mwenyeji wake, na hayo ni malalamiko ya haki kabisa. Mwisho mwamsheni Avahi upya:

sudo systemctl restart avahi-daemon

Fanyeni hivyo kwa kila kompyuta, kila moja na jina lake. Kompyuta isiyo na programu hii haitaitika, na ile ya Linux isiyo nayo haitajua kuuliza pia.

Kupima

Kaeni kwenye kompyuta nyingine, si ile ya vitabu, mwandike:

ping -c 4 vitabu.local

Mkiona mistari minne inarudi na nambari na muda, mmefaulu. Kama kikundi kina folda iliyofunguliwa kwa wenzao, katika dirisha la folda andikeni smb://vitabu.local badala ya nambari, muihifadhi hapo kando. Kuanzia leo karatasi yenye nambari iliyobandikwa ukutani inaweza kutolewa.

Ikikataa, msianze kuweka na kutoa ovyo. Andikeni hii:

avahi-resolve -n vitabu.local

Ikiwa amri hii inajibu nambari lakini ping haijibu, basi Avahi yuko macho, mjumbe ndiye hayupo. Angalieni:

grep hosts /etc/nsswitch.conf

Katika mstari huo panapaswa kuwa na neno mdns4_minimal, nalo liwe kabla ya neno dns. Kama halipo, rudieni kuweka libnss-mdns. Lakini ikiwa hata avahi-resolve haijibu, shida iko kwenye kusikilizana. Je, kompyuta zote mbili ziko kwenye rauta moja? Moja haikushika waifai ya simu ya mtu? Rauta nyingine zina waifai ya "wageni" ambayo kazi yake hasa ni kuzuia mashine zisisikiane. Hapo hata mfanye nini hamtafaulu mpaka mhamie waifai ya kawaida.

Jambo lingine mnaloweza kuona ni jina vitabu-2. Hilo hutokea kompyuta mbili zikidai jina moja. Avahi hagombani, humwongezea mmoja nambari 2. Lakini nyinyi msinyamaze. Katika kile kikundi tulichokitaja, vitabu-2 ingekuwa kengele kubwa: kuna nakala ya pili, na mtu ajue ni ipi.

Jina si kufuli

Hapa tusikie vizuri, maana tumesikia mafundi wakiwaambia watu vingine. Katika mkutano ule chini ya mwembe, mtu akisimama na kusema "Wanza ni mimi," hakuna anayemdai kitambulisho. Ndivyo ilivyo kwa .local. Kijana yeyote aliyeingia kwenye waifai yenu akiwa na kompyuta yake anaweza kuiita vitabu. Jina linasaidia kumpata mtu, halithibitishi kwamba ni yeye. Kwa hiyo folda ya vitabu iwe na neno la siri, na neno la siri la waifai lisiandikwe ubaoni. Orodha ya wanakikundi yenye nambari za vitambulisho na za simu ni mali ya hao watu. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu mwaka 2019, na vikundi vya kijiji navyo vinashika habari za watu.

Kutoa

Kuna sababu nzuri za kuitoa. Kompyuta ya mkononi ya katibu ikianza kusafiri, ikaingia kwenye waifai ya saiba mjini au ya hoteli ya semina, itaendelea kujitangaza huko kama inavyojitangaza nyumbani. Au kompyuta imebaki moja tu na haina wa kumwita. Au kikundi kimeamua kutumia nambari za kudumu. Kanuni yetu ni kwamba programu yoyote inayosikiliza mtandao bila kazi ipumzishwe. Mnamo Septemba 2024 mtafiti wa usalama wa kompyuta, Simone Margaritelli, alitangaza dosari kubwa katika programu za kuchapisha za Linux, hasa ile iitwayo cups-browsed, ambayo kazi yake ni kusikiliza mtandao ikitafuta printa. Marekebisho yalitolewa, lakini aliyepata marekebisho ni yule anayesasisha mashine yake.

Kuna pia sababu mbaya, nayo ni fundi anayesema, "Hii inafanya mashine iwe polepole, wacha niitoe." Avahi haichukui nguvu ya kumaliza mashine. Tunajua kituo kimoja cha vijana ambapo ilitolewa hivyo, bila kuulizwa kitu. Jumatatu yake printa haikuonekana kwenye kompyuta yoyote. Printa nyingi za kisasa hujitangaza kwa njia hii hii ya kuita majina. Anayesikiliza akiondolewa, printa inapiga kelele kwa kiziwi. Kuchapa karatasi ndiko kulikokuwa kukiwalipia kodi ya chumba. Wakakaa hivyo siku kadhaa, wanafunzi wakipeleka kazi zao kwa jirani, wakidhani printa imekufa.

Kwa hiyo kabla ya kutoa, ombeni kompyuta iwaonyeshe itakachofanya bila kukifanya. Hii ndiyo amri tunayotaka muikariri kuliko zote:

apt-get -s remove avahi-daemon libnss-mdns

Ile -s maana yake ni kujaribu tu, kama mazoezi ya kwaya kabla ya Misa. Hakuna kinachoguswa. Someni polepole chini ya maneno The following packages will be REMOVED. Mkiona yale mawili mliyotaja peke yake, au pamoja na avahi-utils, hakuna tabu. Lakini mkiona jina kama gnome, ubuntu-desktop, au lolote lenye cups, simameni. Programu katika Linux hutegemeana, na ukimtoa mmoja anaweza kuondoka na waliokuwa wamemshika mkono. Wakati mwingine jina kubwa kama hilo ni karatasi ya orodha tu na mashine itaendelea kufanya kazi, lakini mtu ambaye hajui tofauti asicheze bahati nasibu na kompyuta ya watu.

Orodha ikiwatia shaka, mzimeni Avahi bila kumtoa:

sudo systemctl disable --now avahi-daemon.socket avahi-daemon.service

Hapo amelala na hataamka mashine ikiwashwa. Mkitaka arudi, amri ni ile ile, neno disable likibadilishwa kuwa enable. Hamhitaji data wala fundi. Kwa vikundi vingi hii inatosha, na sisi tungependa muanze hapa siku zote. Mkae nayo juma moja. Kama hakuna kilicholia, ndipo mzungumze juu ya kutoa kabisa.

Mkiamua kutoa, fanyeni kwanza kazi ya kuandika. Katika kila kompyuta andikeni hostname -I (herufi I kubwa), mnakili nambari yake ya leo katika Daftari la Kompyuta. Ingieni kwenye rauta mmfungie mwenye vitabu nambari moja ya kudumu. Rauta karibu zote zina mahali pa kufanya hivyo, na hapa si vibaya kuomba msaada mara moja. Halafu katika kompyuta zile nyingine fungueni tena /etc/hosts, muongeze mstari mmoja chini:

192.168.1.14 vitabu

Mkiweka bila shaka nambari yenu, si yetu. Sasa jina litaendelea kufanya kazi hata Avahi akiondoka, ila mtaandika vitabu bila .local. Mkiacha hatua hii mtarudi kule kwa katibu na kiti cha kukodi. Ndipo muandike:

sudo apt remove avahi-daemon libnss-mdns avahi-utils

Neno remove huacha faili za mipangilio, zile zilizo ndani ya /etc/avahi. Ni kama mpangaji aliyehama akaacha sanduku. Mkitumaini kuirudisha siku moja, ziacheni. Mkitaka zote ziende, andikeni purge mahali pa remove. Baada ya hapo kompyuta inaweza kuwaambia kwamba kuna programu zisizohitajika tena na kuwashauri muandike autoremove. Msikimbilie. Nayo ina orodha yake, isomeni kama mlivyosoma ile ya kwanza.

Malizieni kwa kuangalia tena mstari wa hosts katika /etc/nsswitch.conf. Neno mdns4_minimal linapaswa kuwa limeondoka pamoja na mjumbe wake. Kisha jaribuni vitu vitatu: folda ya vitabu inafunguka kutoka kila kompyuta, printa inachapa karatasi moja, na ping -c 4 vitabu inajibu. Mkipata yote matatu, mtu atie sahihi daftarini.

Wenye Windows na simu

Windows 10 na zinazofuata zinaelewa majina ya .local zenyewe, hamna cha kuweka. Zile za zamani zilihitaji programu ya Bonjour ya Apple, ambayo mara nyingi iliingia pamoja na iTunes au programu ya printa bila mtu kujua. Kuitoa ni kupitia Control Panel, mahali pa programu, mtafute Bonjour. Mkikuta kuna printa inayoitegemea, iacheni. Simu za iPhone zinaelewa majina haya. Simu nyingi za Android za zamani hazielewi, kwa hiyo mwenye simu ya namna hiyo aendelee na nambari iliyofungwa kwenye rauta.

Maswali ya kuzungumzia kikundini

Nani kati yetu anajua neno la siri la kompyuta ya vitabu, na tukimpoteza mtu huyo kesho tutafanyaje? Kuna nakala ngapi za vitabu vyetu, ziko kwenye mashine zipi, na ipi ndiyo ya kweli? Fundi wa mwisho aliyekuja aliweka nini, na nani anaweza kutuonyesha kinavyotoka?

Swali la tatu likikosa jibu, aitwe fundi huyo, aje aonyeshe mbele ya kamati, na mmoja wa akina mama ndiye awe kwenye kibodi huku mwingine akiandika daftarini.